Kosa la ujanani na msasa wa usalama: Vijana wa Masalani wahukumiwe mara ngapi?

KILA serikali inapotangaza usajili wa makurutu wa polisi au wa jeshi, vijana wa Masalani, sawa na wenzao kote nchini, hurauka alfajiri wakiwa na vyeti vyao ndani ya bahasha na kuelekea uwanjani. Huko hupimwa kimo na uzani, hukaguliwa meno na nyayo, kisha huamriwa kukimbia hadi wabaki wachache wanaotafutwa.

Hayo ni majaribio ambayo jamii nzima huyashuhudia. Lipo jaribio jingine lisilo na watazamaji, nalo huwaangusha baadhi ya vijana hata kabla ya kufunga kamba za viatu. Jaribio hilo ni la kumbukumbu ya uhalifu: je, alama za vidole vya kijana huyu zimewahi kuingia katika daftari za polisi?

Kwa kijana aliyepatikana na msokoto wa bangi akiwa na umri wa miaka 19, akafikishwa mahakamani na kukiri, jibu ni ndiyo. Na kwa jinsi utaratibu ulivyo nchini Kenya, jibu hilo halina tarehe ya mwisho. Litakuwa ndiyo atakapofika miaka 25, na litakuwa ndiyo atakapofika miaka 45, hata kama hajaigusa bangi tena tangu siku ile.

Suala hili lina uzito wa pekee katika mji kama Masalani. Mji huo ulio karibu na Mto Tana, na ambao ulikuwa makao makuu ya Wilaya ya Ijara kabla ya Katiba ya 2010 kuleta serikali za kaunti, uko katika sehemu ambayo vikosi vya usalama vimekuwa vikikabiliana na kundi la Al-Shabaab kwa zaidi ya mwongo mmoja. Msitu wa Boni, ambako operesheni ya Linda Boni ilianzishwa mwaka wa 2015, unaanzia katika ardhi ya Ijara na kuenea hadi Kaunti ya Lamu.

Vikosi hivyo vinamhitaji kijana anayezijua njia za msituni, anayezungumza Kisomali tangu utotoni, na anayeweza kumtofautisha mchungaji na mpita njia mwenye nia mbaya. Kijana wa namna hiyo hazaliwi Nairobi. Huzaliwa Masalani, Hulugho, Bura na Fafi. Ikiwa mlango wa kuingia katika utumishi wa usalama unafungwa na kosa dogo la ujanani, basi hasara si ya kijana peke yake.

Sheria inasema nini

Bangi ni haramu nchini Kenya chini ya Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka wa 1994. Sheria hiyo ilipopitishwa, mtu aliyepatikana na bangi ya matumizi yake mwenyewe alikabiliwa na kifungo cha hadi miaka 10 gerezani. Marekebisho yaliyofanywa mwaka wa 2022 yaliishusha adhabu hiyo hadi kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi Sh100,000.

Kwa hivyo Bunge lenyewe lilikubali kwamba mvutaji si sawa na mlanguzi, na kwamba adhabu ya zamani ilikuwa imezidi kiasi. Hata hivyo, marekebisho hayo yaligusa adhabu inayotolewa na hakimu tu. Hayakugusa adhabu nyingine, isiyoandikwa popote katika hukumu, ambayo huanza siku mshtakiwa anapomaliza kulipa faini na kutoka mahakamani.

Adhabu hiyo hubebwa na cheti cha maadili mema, kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) baada ya alama za vidole za mwombaji kulinganishwa na zile zilizohifadhiwa. Cheti hicho hakiitishwi na polisi na jeshi pekee. Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) hukihitaji kabla ya kumsajili mwalimu, waajiri wa mataifa ya Ghuba hukiitisha kabla ya kutoa kazi, na afisi nyingi za umma hukiorodhesha pamoja na kitambulisho na vyeti vya masomo.

Idara ya DCI haijaficha msimamo wake. Novemba 2021, wakati mabweni ya shule kadhaa yalipokuwa yakiteketezwa, idara hiyo iliwaonya wanafunzi kwamba makosa watakayoshtakiwa yangehifadhiwa katika kumbukumbu na kujitokeza siku watakapoomba cheti cha maadili mema. Onyo hilo lilikusudiwa kuwatisha wachomaji wa shule. Lakini pia lilidhihirisha jinsi taifa linavyokitazama cheti hicho: kama fimbo ya kudumu, wala si kama kipimo cha tabia ya mtu ilivyo leo.

Nchi nyingine zimeweka kikomo. Uingereza, kwa mfano, ina sheria ya mwaka wa 1974 inayomruhusu mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo kuhesabiwa kuwa amelimaliza deni lake baada ya muda fulani kupita bila kosa jingine, ingawa kazi nyeti zikiwemo za usalama wa taifa zimewekwa kando. Afrika Kusini ina utaratibu wa kufuta kumbukumbu za makosa kadhaa baada ya miaka 10, na sheria ya bangi ambayo Rais Cyril Ramaphosa aliitia saini Mei 2024 inaelekeza kumbukumbu za hatia za zamani za kumiliki au kutumia bangi zifutwe.

Kenya haina sheria ya Bunge inayotaja idadi ya miaka ambayo ikipita, hatia ndogo ya mtu mzima hufutika yenyewe. Kinachopatikana ni msamaha wa Rais kupitia kamati ya huruma iliyowekwa na Kifungu cha 133 cha Katiba. Njia hiyo ipo, lakini ni vigumu kumfikiria kijana aliyetozwa faini kwa msokoto mmoja akiiandikia Ikulu ili apate kuwa konstebo.

Jani la miraa na mpaka wa sheria

Wanaotetea utaratibu wa sasa husema kwamba kijana aliyetumia dawa za kulevya ameonyesha udhaifu, na kwamba mtu dhaifu hapaswi kukabidhiwa bunduki. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama sheria ingekuwa inapima udhaifu. Ukweli ni kwamba sheria hupima jani gani lilitumiwa, mahali gani, na kama askari alikuwa karibu.

Mfano ulio karibu zaidi na wakazi wa Garissa ni miraa. Jani hilo, ambalo Wasomali huliita qaad, lina kemikali ya kathinoni ambayo imo katika orodha kali zaidi ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Nchini Kenya, mmea wenyewe ni zao la biashara lililotambuliwa katika marekebisho ya Sheria ya Mimea ya mwaka wa 2016. Mtu anaweza kutafuna miraa usiku kucha kwa miaka 10, akapoteza mali na ndoa, na bado cheti chake cha maadili mema kikatoka kikiwa safi kabisa.

Utafiti wa kitaifa wa shirika la NACADA uliotolewa mwaka wa 2022 ulikadiria kwamba Wakenya 964,737 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 65 walikuwa wakitumia miraa, na 518,807 walikuwa wakivuta bangi. Wa kundi la kwanza hawana la kuogopa mbele ya afisa wa usajili. Wa kundi la pili wana la kuogopa, lakini ni wale tu waliokamatwa.

Na hata kwa miraa, mipaka hubadilika ghafla. Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku uuzaji wa muguka, ambao ni jamii ya miraa inayokuzwa hasa Embu, kabla ya Mahakama Kuu mjini Embu kusimamisha amri hizo kwa muda. Kwa siku chache, aliyeuza muguka Mombasa alikuwa mvunja sheria, na aliyeuza Garissa alikuwa mfanyabiashara.

Jambo la kushangaza zaidi limo ndani ya Katiba yenyewe. Kifungu cha 99 kinamzuia mtu kuwania ubunge ikiwa anatumikia kifungo cha angalau miezi sita wakati wa kujiandikisha au wakati wa uchaguzi. Hakisemi lolote kuhusu faini ya bangi iliyolipwa miaka minane iliyopita. Kwa maana hiyo, kijana wa Masalani aliyetozwa faini hiyo anaweza kuchaguliwa mbunge wa Ijara, akaketi katika kamati ya Bunge inayosimamia ulinzi na kuwahoji majenerali. Asichoweza kwa urahisi ni kuwa askari wa cheo cha chini kabisa katika kituo cha polisi cha nyumbani kwao.

Hofu ya wakuu wa usalama

Si haki kudai kwamba wakuu wa usalama hawana sababu ya kuwa waangalifu. Afisa anayetumia dawa za kulevya wakati huu, huku akiwa na bunduki ya serikali, ni hatari kwake mwenyewe, kwa wenzake na kwa raia. Mraibu huhitaji fedha kila siku, na mwenye haja ya fedha kila siku ni rahisi kununuliwa na mlanguzi wa dawa au wa silaha. Katika kaunti inayopakana na Somalia, kununuliwa kwa afisa mmoja kwenye kizuizi cha barabarani kunaweza kugharimu maisha ya watu wengi.

Ndiyo maana sheria ya mwaka wa 2012 ya Shirika la Kitaifa la Ujasusi (NIS) inalipa shirika hilo jukumu la kutoa ripoti za siri kuhusu watu wanaoshika au wanaotafuta nyadhifa zinazohitaji kupigwa msasa wa kiusalama. Hakuna dola duniani isiyofanya hivyo.

Swali si kama msasa upigwe au usipigwe. Swali ni kama msasa unaopigwa sasa unapima kitu kinachofaa kupimwa.

Wakazi wa Garissa wana sababu chungu ya kuliuliza swali hilo. Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Baadaye Wizara ya Usalama wa Ndani ilitangaza kwamba mmoja wa washambuliaji wanne alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwana wa chifu kutoka Mandera. Huyo hakuwa mtu wa mitaani wala mvuta bangi wa kijiweni. Kwa elimu na nasaba, alikuwa mtu ambaye afisi yoyote ya serikali ingempokea kwa mikono miwili.

Funzo la mkasa huo ni kwamba hatari kwa taifa haikai lazima pale karatasi zinapoonyesha doa. Yaweza kukaa pale karatasi zinapong'aa. Msasa unaoishia katika kutazama doa la zamani humwacha mlinzi wa lango akiamini kwamba amefanya kazi, kumbe hajaifanya.

Kipimo cha Marekani

Marekani, nchi isiyojulikana kwa kulegeza kamba katika masuala ya usalama, hutumia kipimo tofauti. Tangu Juni 8, 2017, idara zake zote hufuata mwongozo mmoja wenye vigezo 13 katika kuamua nani aruhusiwe kuona siri za serikali. Kigezo kimoja kinahusu dawa za kulevya.

Mwongozo huo hauanzi na swali la iwapo mtu alihukumiwa. Unauliza alitumia nini, mara ngapi, lini kwa mara ya mwisho, na katika mazingira gani. Kisha unataja mambo yanayoweza kumwokoa: kwamba ilikuwa zamani, au mara chache, au katika hali isiyoelekea kujirudia, kwamba ameachana na marafiki na mahali pa uvutaji, kwamba yuko tayari kutia saini ahadi ya kutorudia, akijua kwamba akiivunja ataupoteza wadhifa, au kwamba amekamilisha matibabu ya uraibu. Mwamuzi anatakiwa kumtazama mtu kwa ujumla wa maisha yake.

Wahenga wa Kiswahili wangeuelewa mwongozo huo bila mkalimani, kwani walikwisha kusema kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Hali hiyo haina maana kwamba mlango uko wazi. Sheria iliyopitishwa mwaka wa 2008 inakataza kumpa kibali cha usalama mtu anayetumia dawa haramu kwa wakati huo, au mraibu. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilishaamua mwaka wa 1988 kwamba hakuna mwenye haki ya kudai kibali hicho, na shaka yoyote huamuliwa kwa kuupendelea usalama wa taifa. Lakini Desemba 2021, mkuu wa ujasusi wa taifa wa wakati huo, Avril Haines, aliziandikia idara zote kwamba kutumia bangi zamani ni jambo la kuzingatiwa, ila halitoshi peke yake kuamua. Shirika la FBI nalo lililegeza kanuni yake mwaka wa 2021: badala ya miaka mitatu, mwombaji anatakiwa awe hajatumia bangi kwa mwaka mmoja kabla ya kuomba kazi.

Kinachoadhibiwa vikali zaidi katika utaratibu huo ni uongo. Fomu ya maombi humtaka mwombaji ataje mwenyewe matumizi ya dawa haramu katika miaka saba iliyopita, hata kama hakukamatwa, na kudanganya kwa makusudi ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka gerezani hadi miaka mitano. Wanaotunga maswali hayo wana sababu. Anayeficha jambo anaweza kutishiwa na anayelijua. Anayesema wazi hawezi kutishiwa na mtu.

Suala hili linazigusa familia za Garissa moja kwa moja, kwani baadhi ya watoto wao wamehamia Minnesota na majimbo mengine ya Marekani na kuwa raia huko. Miraa iliyotafunwa kihalali nyumbani ni haramu katika nchi hiyo, ambako kathinoni imewekwa katika daraja moja na heroini tangu mwaka wa 1993. Uingereza iliiharamisha miraa Juni 2014, mwaka mmoja na nusu baada ya Uholanzi. Mwombaji aliyeendelea kutafuna baada ya kuhamia huko, akidhani ni mila tu, hujikuta akijibu swali ambalo mjomba wake aliyebaki Masalani hataulizwa kamwe.

Lakini hata huko, ana nafasi ya kujieleza. Akinyimwa kibali, kwa kawaida hupewa sababu kwa maandishi na muda wa kujibu. Kijana aliyekataliwa nchini Kenya, mara nyingi, huambiwa tu kwamba jina lake halikutoka.

Alama za vidole zisizosahaulika

Kwa watu wa Kaskazini Mashariki, habari ya alama za vidole zinazomfuata mtu maisha yake yote si ngeni. Katika miaka ya ukame na njaa, Wakenya wengi wa Garissa na kaunti jirani walijiandikisha kama wakimbizi katika kambi za Dadaab ili kupata mgao wa chakula. Miaka mingi baadaye, walipoomba vitambulisho, mitambo ya serikali iliwatambua kuwa wakimbizi. Kosa lililofanywa na mzazi mwenye njaa likawa kizuizi cha mtoto asiyejua lilivyotendeka.

Vilevile, kwa miongo mingi wakazi wa eneo hili walipigwa msasa wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, jambo ambalo mwenzao wa Nyeri au Kisii hakulijua. Februari 2025, akiwa ziarani Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuufuta utaratibu huo. Wengi waliupokea uamuzi huo kama kuondolewa kwa hukumu ya kale: kwamba Msomali wa Kenya ni mshukiwa hadi athibitishe vinginevyo.

Iwapo serikali ilikubali kwamba mtu asihukumiwe kwa mahali alipozaliwa, haitakuwa taabu kukubali kwamba asihukumiwe milele kwa jambo alilofanya mara moja akiwa na miaka 19. Tofauti ni kwamba la kwanza halikuwa kosa lake, na la pili lilikuwa. Hata hivyo, yeye alikwisha kuadhibiwa kwa hilo la pili, na adhabu ikaisha.

Ziko njia ndani ya sheria

Kuna mambo ambayo hayahitaji kusubiri sheria mpya. Sheria ya watoto, tangu ile ya mwaka wa 2001, ilikataza maneno kama hatia na hukumu kutumiwa kwa mtoto aliyeshughulikiwa na mahakama ya watoto. Kwa hivyo mzazi wa mtoto wa miaka 16 aliyepatikana na bangi anapaswa kuhakikisha kwamba umri wa mwanawe umethibitishwa kwa hati mahakamani, asije akashtakiwa kama mtu mzima. Katika maeneo ambayo watoto wengi hawana vyeti vya kuzaliwa, jambo hilo dogo huamua mustakabali wa mtu.

Kwa aliyetimiza miaka 18, sheria ya urekebishaji wa tabia inamruhusu hakimu, akizingatia umri na mwenendo wa mshtakiwa, kumweka chini ya uangalizi wa afisa wa urekebishaji bila kumtia hatiani. Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma nayo ilitoa sera mwaka wa 2019 inayowawezesha viongozi wa mashtaka kuwaelekeza washukiwa wa makosa madogo nje ya mahakama, kwa masharti.

Tatizo ni kwamba kijana anayefikishwa mahakamani bila wakili hana habari ya njia hizo. Hushauriwa na walio naye korokoroni kwamba akikiri atatozwa faini na kwenda nyumbani. Familia huuza mbuzi, faini hulipwa, na wote hurudi wakishukuru kwamba mambo yamekwisha. Hakuna anayewaambia kwamba neno moja, "ndiyo", limefunga milango ambayo mbuzi 100 hawataifungua. Sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka wa 2016 ilitungwa kwa ajili ya watu kama hao, na hapo ndipo inapopaswa kuonekana ikifanya kazi.

Yapo pia mambo yanayohitaji Bunge. La kwanza ni sheria itakayotaja muda, tuseme miaka mitatu au mitano bila kosa jingine, ambao baada yake hatia ya kumiliki bangi kwa matumizi binafsi haitaonyeshwa tena katika cheti cha maadili mema. Mlanguzi asiingizwe katika sheria hiyo, wala aliyetumia silaha, wala aliyewauzia watoto.

La pili ni kutenganisha ngazi za msasa. Si kila kazi ya sare ni kazi ya siri. Konstebo wa kuongoza magari, mlinzi wa msitu na afisa wa ujasusi hawabebi siri za uzito mmoja, na si sahihi wapimwe kwa mizani moja. Kwa ngazi za juu, NIS iendelee kuchimba kina itakacho. Kwa ngazi ya chini, kosa dogo la zamani lisitoshe peke yake kumkataa mtu.

La tatu ni kuuliza maswali ya leo. Kipimo cha mkojo kikifanywa kwa haki, kwa wote, na kurudiwa baada ya mtu kuajiriwa, kitaulinda usalama wa taifa zaidi ya karatasi inayosimulia habari za miaka minane iliyopita. Karatasi hiyo haimjui anayevuta leo. Inamjua tu aliyewahi kukamatwa jana.

La nne ni sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuelezwa kwa maandishi kwa nini afisi ya umma imechukua hatua inayomdhuru, na sheria ya mwaka wa 2015 ikaweka utaratibu. Usalama wa taifa unaweza kuwa sababu ya kuficha baadhi ya mambo, lakini si kila jambo. Kijana aliyekataliwa kwa sababu ya faini ya bangi anaijua faini hiyo kuliko anayemkataa. Kumwambia hakufichui siri yoyote.

Wapo watakaosema kwamba kulegeza masharti ni kuwatia moyo wavutaji. Wazazi wa Masalani, ambao wengi wao wanaichukia bangi kwa dini na kwa mila, huenda wakawa wa kwanza kusema hivyo. Lakini kijana anayejua kwamba akiacha leo atahesabiwa kuwa ameacha, ana sababu ya kuacha. Anayejua kwamba hata akiacha atabaki vilevile katika daftari, sababu hiyo hana.

Na wapo wanaomsubiri kijana huyo wa pili. Katika ukanda unaotoka Ijara hadi mpaka wa Somalia, serikali si mwajiri pekee anayewatafuta vijana wenye nguvu, wanaozijua njia na wasio na kazi. Al-Shabaab nao huwatafuta. Kwao, kukataliwa na serikali si doa, bali ni sifa ya kuanzia mazungumzo.

Usajili mwingine wa makurutu utatangazwa, na vijana watarauka tena na bahasha zao. Miongoni mwao atakuwepo mmoja aliyeacha bangi miaka sita iliyopita na ambaye hajamweleza mtu yeyote. Jinsi sheria zilivyo leo, aliyevuta naye usiku ule na kufanikiwa kutoroka ataruhusiwa kukimbia, naye atarudishwa nyumbani kabla ya kipenga kupulizwa. Bunge ndilo lenye uwezo wa kuwaweka wawili hao kwenye mstari mmoja.